Panzi wa Njano

Kofia ya kichoteo ilikuwa imekishika kichwa cha Mzee Luhende kwa dakika kumi hivi, na mchezo ukaanza kujichora kwenye kioo, mstari kwa mstari, kama mkeka unaosukwa na mtu asiyeonekana. Kwanza likatokea anga. Kisha ardhi ya kahawia yenye mashimo. Mwisho wakaruka panzi wawili wa mraba mraba, mmoja wa kijani na mmoja wa njano, na muziki wa kitoto ukalia.

"Ndio wenyewe," mzee alisema. "Hata ile mikwaruzo ya spika."

Tabora ya wakati huo ilikuwa na magari yasiyo na dereva, na roboti ndio walioirina asali. Lakini watu walipanga foleni kwenye Jumba la Gemu za Kale. Gemu zenyewe zilishakufa zamani. Kanda zilioza, chipu zikaliwa na kutu, zikabaki tu vichwani mwa wazee waliozicheza vibandani utotoni. Ndipo mhandisi Nyamizi akaunda kichoteo, kofia yenye nyuzi elfu tatu inayosoma kumbukumbu ya mchezaji na kuigeuza kuwa mchezo tena. Utauliza, kwa nini watu wahangaikie vijidudu vinavyoruka mashimo, wakati gemu za sasa zinakuingiza ndani mpaka unahisi mvua mgongoni? Gemu za sasa unaingia peke yako. Zile za kale mlikaa wawili kwenye benchi moja, bega kwa bega, mkisukumana.

Luhende alikuwa na miaka themanini na miwili. Asubuhi ile, kabla ya kuvishwa kofia, alimweleza Nyamizi habari za dada yake, Milembe. Walicheza Panzi Wawili kila siku wakitoka shule. Siku moja Milembe akaumwa kichwa, akasema wausimamishe mchezo. "Nisubiri. Usiendelee bila mimi." Siku ya nne homa ya uti wa mgongo ikamchukua, akiwa na miaka kumi na mitatu.

"Sijawahi kuimaliza ile hatua," mzee alisema. "Nataka niimalize kabla sijafa."

Jumbani walikuwa na desturi yao. Mzee akishatoa mchezo, hakalishwi pale akitazama mafundi wanavyohangaika na waya. Anapelekwa sebuleni, anapewa chai na chapati, anafungiwa chupa ya asali, kisha gari linamrudisha kwake apumzike. Kumwacha mgeni wa umri ule bila kumkirimu ni aibu. Wazee thelathini na sita walishapita hapo, na wote waliondoka wakitabasamu.

Luhende aliikataa chai.

"Chai nimekunywa kwangu. Nimekuja kucheza. Nipe padi ya kuchezea."

Mafundi wakamvua kofia, wakahangaika na waya nusu saa, ndipo Nyamizi akampa. Padi ya pili ilibaki mezani, hakuna aliyeigusa. Hata hivyo panzi wa njano akaanza kuruka.

"Umempa nani huyo wa pili?"

"Sijampa mtu, babu."

"Basi ni mjanja. Hebu ona, ananisubiri."

Kweli. Panzi wa njano alikuwa amevuka shimo, akasimama ukingoni, anadundadunda papo hapo mpaka wa kijani avuke. Shimo la pili, vilevile. Nyamizi akakisogelea kioo.

"Huo ni uchezaji wa dada yako, babu. Kichoteo kimeuchukua pamoja na mchezo."

"Dada yangu yupi?"

"Milembe. Babu, usinitanie."

"Nikutanie, kwani wewe Mzaramo, mtani wangu?" Mzee alicheka bila kutoa macho kwenye kioo. "Kwa mama yangu nilizaliwa peke yangu."

Nyamizi akakigeukia kipimo cha kichoteo. Upande wa mashine, kumbukumbu ilikuwa imejaa. Upande wa kichwa palikuwa patupu. Miaka mitatu alikuwa akiandika katika ripoti zake neno "nakala", na hakuna siku ambayo mzee yeyote alikaa pale muda wa kutosha kumwonyesha kwamba haikuwa nakala.

Akavuta kiti, akakaa.

"Nimekukosea, mzee wangu. Nimekuondolea mtu kichwani. Naweza kukurudishia, ila zimebaki dakika ishirini. Saa moja tangu kuchotwa ikipita, kichwa kinaiziba nafasi yake na hakuna njia tena. Na nikikurudishia, mchezo huu utafutika."

"Na huyo mtu, nikirudishiwa, nitakwenda kumwona?"

"Alikufa mtoto. Utakumbuka na hilo."

"Sasa hivi simlilii mtu."

"Hapana."

"Nikirudishiwa nitalia."

"Utalia."

"Mwanangu, mzigo huo unaoniuzia hauna mnunuzi."

Akaendelea kucheza. Dakika zikapita. Halafu, kwenye shimo moja pana, Luhende akaacha kubonyeza. Aliweka padi mapajani, akatulia kabisa. Panzi wa njano alidunda ng'ambo, akadunda, akadunda. Kisha akageuka, akaliruka shimo lile lile kurudi nyuma, akaja kusimama ubavuni mwa wa kijani.

Mzee aliirudisha padi mezani.

"Mtu hawezi kukusubiri hivi kama si wako," alisema. "Nivishe."

Kioo kilijifuta mstari kwa mstari. Kofia ilitolewa. Luhende aligusa jino lake la mbele.

"Alikuwa na pengo hapa. Nilikuwa namcheka." Akaufunika uso kwa viganja.

Nyamizi akaenda kumletea maji. Njia ilipita ukumbi mkuu, uliokuwa bado haujafunguliwa kwa wageni. Vioo thelathini na sita vilikuwa vinawaka, na humo ndani hapakuwa na mtu. Kwenye kila kimoja, kigari, kijiboti au kijitu cha mchezaji wa pili kilikuwa kimetangulia mbele kidogo, kikasimama, kinachezacheza papo hapo. Saa zao zilishapita, nyingine tangu miaka mitatu nyuma. Wazee waliotoa michezo ile aliwajua kwa majina, mmoja mmoja. Hao waliokuwa wakisubiri, hapakubaki mtu duniani wa kumwuliza waliitwa nani.