Msusi Asiye na Nywele

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Malkia alifagia saluni ya mama yake huku amekunja uso utadhani ameambiwa afagie dunia nzima. Jina la Malkia hakupewa na wazazi. Alibandikwa na wanafunzi wenzake kwa sababu ya kutembea kidevu juu, na yeye, badala ya kukasirika, akalipenda.

Siku hizo nywele alizofagia zilimtia kinyaa. Zamani zilikuwa za wateja. Sasa nyingi zilikuwa za mama mwenyewe, zinadondoka kwa mafungu, na mama alishinda amejifunga kitambaa kichwani.

"Msusi kipara," Malkia alinong'ona akizisukuma kwenye beseni la taka. "Kichekesho gani hiki!"

Mama yake alikuwa mnene kupita kiasi kwa miaka mingi. Magoti yalimuuma, sukari ilimpanda, na ngazi tatu tu za saluni zilimwacha akihema. Madaktari walimshauri afanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, naye akakubali. Malkia alitamba darasani kwamba mama yake angerudi mwembamba kama mtangazaji wa televisheni.

Aliyerudi hakuwa mtangazaji. Alipungua kweli, mwezi baada ya mwezi, lakini ngozi ya mikono ilining'inia, uso ukasinyaa, na kila mlo ukawa shughuli. Yai moja alilitafuna mpaka Malkia akamaliza sahani yake, akaosha vyombo na kurudi. Wakati mwingine alilia bila kuguswa na mtu.

"Unalia nini sasa?" Malkia alimuuliza siku moja. "Si ulitaka kupungua? Umepungua."

"Hata mimi sijui, mwanangu," mama alijibu.

Malkia alifyonza. Moyoni alimwona mama yake mvivu. Watu wengine hukimbia na kutoka jasho. Huyu alilala kitandani akakatwa, na bado analalamika!

Jumamosi moja saluni ilijaa. Mama alipita kati ya kiti na ukuta kwa ubavu, amebana pumzi, ingawa siku hizo hata watu wawili wa umbo lake wangepita pale. Wateja wakakonyezana. Malkia aliyekuwa akiosha vitana alitamani sakafu immeze.

Ndipo akaingia Mama Redio, mteja aliyepewa jina hilo kwa kuwa habari zikiingia kwake hazikai. Alikuwa na keki iliyobaki katika harusi ya mpwa wake.

"Haya, msusi wetu, kula!" alisema akimkatia kipande kinene, sukari imeganda juu yake.

"Ahsante, dada. Vitu vitamu nimekatazwa."

"Umekatazwa!" Mama Redio alibinua midomo. "Ulipokuwa pipa ulikula kila kitu. Leo umekonda, keki yetu haikufai? Au huo si upasuaji, kuna ugonjwa mwingine unatuficha? Maana na hizo nywele..."

Wateja wakacheka chini chini. Mama alitazama sakafu. Malkia akahisi damu inamchemka, lakini hasira yake haikumwendea Mama Redio.

"Kula tu, Mama!" alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia. "Kipande chenyewe kidogo. Acha kujidekeza, unanitia aibu."

Mama alimtazama Malkia. Kisha akachukua kile kipande, akakila harakaharaka akiwa amesimama, akashushia na soda aliyopewa.

Haikuchukua muda. Jasho lilimtiririka, mikono ikaanza kutetemeka, kitana kikamponyoka. "Moyo unanienda mbio," alisema, akateleza polepole mpaka sakafuni, ameshika tumbo.

"Si niliwaambia huyu mgonjwa?" Mama Redio alisema. Alifunga keki yake, akageuka kuondoka, na kabla ya kufika mlangoni simu ilikuwa tayari sikioni.

Malkia alimtazama kwa dharau kubwa kuliko zote alizowahi kuwa nazo. Mwanamke gani huyu asiye na haya! Kisha akakumbuka ni nani aliyesema "kula tu", na ile dharau ikamgeukia yeye.

Akisaidiana na mteja mmoja, alimfikisha mama zahanati ya mtaa wa pili. Nesi alimlaza, akampima, akakaa naye akimsikiliza mpaka mapigo ya moyo yakatulia. Kisha akamwita Malkia pembeni.

"Nani alimpa keki?"

Ingekuwa rahisi kumtaja mtu mmoja tu. Malkia akajibu: "Mama Redio aliileta. Lakini mimi ndiye niliyemwambia ale. Nilidhani anajidekeza."

"Ulidhani," nesi alisema, wala hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Tumbo lake sasa ni dogo. Sukari nyingi ikishuka upesi utumboni, mwili wote unavurugika kama ulivyoona. Nywele zinadondoka kwa sababu amepungua haraka. Akipata chakula cha kujenga mwili na vidonge vyake, kwa kawaida huota tena. Na machozi je, uliwahi kumuuliza?"

"Nilimuuliza, lakini kwa kumsuta."

"Zamani akihuzunika alikula, akapata faraja. Sasa hawezi. Faraja imeondoka, huzuni imebaki. Na akilini bado anajiona mnene kama zamani. Kisu kilipunguza tumbo, mwanangu. Kazi iliyobaki anaifanya mwenyewe kila siku, nanyi mnasema anajidekeza."

Jioni mama alipopata nafuu, Malkia aliketi ukingoni mwa kitanda. "Nisamehe, Mama. Mama Redio alikulazimisha, na mimi—"

"Maneno ya Mama Redio nimeyazoea," mama alimkatiza. "Ile keki niliila kwa sababu yako."

Malkia alilia. Mama hakukimbilia kumbembeleza. Alimwacha alie kwanza, kisha akamshika mkono.

Wiki iliyofuata mama alipiga moyo konde, akaenda kwenye kikundi cha waliofanyiwa upasuaji kama wake, kikundi alichokikwepa kwa aibu. Malkia alimsindikiza mpaka mlangoni.

Siku chache baadaye Mama Redio alitokea saluni, nywele zimetimka. Malkia alikuwa na maneno makali ulimini, lakini mama alimtangulia.

"Karibu, dada, kaa. Ila humu ndani miili ya watu haijadiliwi tena. Ukishindwa, mtaa una wasusi wengi."

Mama Redio alikaa, na kwa mara ya kwanza akasukwa kimya.

Alipoondoka, Malkia aliuliza, "Kwa nini hukumfukuza? Mimi namdharau!"

"Wewe hodari wa kudharau," mama alisema, "kwa sababu ni kazi isiyohitaji kujua chochote. Ulinidharau ukiwa hujui ninapitia nini. Ukiona mtu amebadilika, mwili au tabia, muulize kwa upole, halafu nyamaza usikie jibu. Usiposikia, usimhukumu."

Malkia aliweka vitana mezani. Akakaribia.

"Mama, tangu ulipotoka hospitali, ni kitu gani kimekuwa kigumu zaidi?"

Mama alivuta viti viwili, akamwambia akae, maana jibu lilikuwa refu.