Mgeni Aliyechoka Kukaa Pembeni

Kaltumi alimtuma mumewe vitu viwili tu, mchele na maziwa. Dawudi akajisemea apitie kwanza kibandani, kidogo tu.

Hilo "kidogo" la Dawudi, mtaa mzima wa Mbuya wanalijua. Aliwahi kutoka kidogo kununua betri, akarudi baada ya wiki mbili, kutoka Bukavu, amepakiwa juu ya magunia ya maharage. Enzi hizo alikuwa dereva wa malori, ana kiuno na ana nywele. Siku hizi ana kitambi, ana binti wa miaka miwili aitwaye Shamim, na ana kibanda cha michezo ya kompyuta nyuma ya soko la Nakawa, hapo Kampala.

Watu walikuja kwake kwa ajili ya gemu moja tu la mpira. Dawudi alikuwa amelitia watu wa mtaani. Golini alisimama mkaanga chapati. Beki alikuwa muuza nyama, na alicheza kama anavyokata mifupa. Namba tisa alikuwa Dawudi mwenyewe, mwembamba, na nywele tele kichwani. Huko kwenye kioo alijitendea haki.

Nyongeza hizo vijana huziita modi, na Dawudi alikuwa na sheria moja: hakuna kufunika faili la asili. Sura mpya inakaa kwenye folda yake, pembeni. Gemu likiwashwa linasoma ya pembeni kwanza, lakini ya asili imelala chini, salama. Ukiichoka nyongeza, futa folda yake, na mambo yanarudi yalivyokuwa.

"Ni kama kuoa mke wa pili," aliwaeleza wateja. "Wa kwanza haondoki."

Kaltumi alipozisikia habari hizo, Dawudi alilala sebuleni siku tatu.

Jioni hiyo Ramadhani ilikuwa ukingoni. Wengine walisema kesho ni Idi, wengine walisema bado tunafunga, mwezi ndio utakaosema. Dawudi alitaka kumaliza timu za mashindano ya sikukuu. Adhana ya magharibi ikalia. Akafungua saumu kwa maji ya chupa, akajifuta mdomo.

Alipoinua uso, mtu alikuwa amekaa.

Hakusikia mlango. Hakusikia hatua.

Alikuwa mwanamume mrefu, kanzu nyeupe, koti jeusi juu yake. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alasiri, na Nakawa yote ilikuwa tope tupu. Viatu vyake vilikuwa vikavu. Na uso wake... Dawudi aliutazama vizuri kabisa. Kisha akageuka kuweka chupa chini, na tayari alikuwa ameusahau.

"Karibu, ssebo, karibu bwana," alisema. "Tumefunga kibanda, lakini mgeni hafukuzwi."

"Nasikia unaweka watu ndani." Sauti ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. "Niweke na mimi."

Ikaja harufu. Udongo. Udongo uliochimbwa leo.

Nywele za mikono zilimsimama Dawudi, akajicheka kimoyomoyo. Jini? Ramadhani hii? Tangu utotoni bibi yake alimfundisha, kama Wanubi wenzake wote walivyofundishwa, kwamba mwezi huu mashetani wako kwenye minyororo. Ndiyo maana mwezi wa Ramadhani alikuwa akipita hata makaburini anapiga mluzi. Mwezi mwingine wowote angekuwa ameshafika Mbuya, kitambi mbele, viatu mkononi.

"Nitakuwekea folda yako hapa pembeni," alisema.

"Pembeni nimekaa sana."

Dawudi akavuta kibodi karibu.

"Niweke juu," mgeni akasema. "Juu ya mtu."

"Hatufuniki watu hapa, ssebo. Na kwanza, juu ya nani?"

"Yeyote utakayenipa."

Laiti Dawudi angenyamaza. Lakini tangu azaliwe hajapata kuona kimya asikitie utani.

"Basi nichukue mimi! Namba tisa. Msimu mzima sijafunga goli. Kaa mahali pangu, hata Kaltumi hatajua tofauti."

Mgeni aliinama mbele.

"Rudia."

"Nini?"

"Rudia ulichosema."

Dawudi alicheka. "Kaa mahali pangu."

Mgeni akaweka flashi mezani. Ilikuwa ya baridi, na imeshika udongo. Dawudi akaichomeka. Ndani mlikuwa na faili moja tu, na jina lake lilikuwa lilelile la faili la namba tisa. Kompyuta ikauliza, kama inavyouliza siku zote: *Faili hili lipo tayari. Lifunikwe?*

Alijua jibu. Alikuwa amewapigia watu kelele miaka mingi juu ya swali hilo. Lakini njaa ilikuwa inamuuma, harufu ilikuwa imejaa kibanda, na alitaka mtu huyu aondoke. Nakala ya zamani ninayo, aliwaza. Nitairudisha kesho.

Akabonyeza ndiyo.

Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Polepole... polepole... Na huko nje, sokoni, mtu akapiga kelele.

"Mwezi umeandama! Mwezi! Kesho Idi!"

Takbira zikapaa. Watoto wakagonga masufuria.

Dawudi akaanza kuhesabu. Mwezi ukionekana, Ramadhani imekwisha tangu jua lilipozama. Tangu adhana ile. Tangu kabla hajamwambia mtu huyu karibu.

Minyororo ilikuwa imeshafunguliwa.

Mgeni alisimama, akajinyoosha, mifupa ikalia mmoja mmoja. Kisha akatoka, na huko gizani akacheka.

Kicheko kile Dawudi alikijua. Kilikuwa chake.

Alifunga kibanda, akapanda kilima cha Mbuya mbio. Kwenye geti la nyumba zao za kupanga alikuwepo Okeny, mlinzi, mwanajeshi mstaafu ambaye Dawudi humpa chai kila asubuhi.

"Simama hapo!" Tochi ikampiga machoni. "Wewe nani?"

"Okeny, wacha mchezo. Ni mimi, Dawudi."

"Dawudi amepita hapa sasa hivi. Amenisalimia. Wewe unataka nini kwa nyumba ya watu?"

Dawudi akapaza sauti. "Kaltumi! Mama Shamim!"

Mlango ukafunguka kidogo. Mkewe alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, na macho yake hayakuwa na kitu. Hata hasira hayakuwa nayo. Ya hasira angeyashukuru.

"Okeny," akasema, "huyu amejuaje jina la mwanangu?"

Kutoka ndani, kicheko kilekile. Na sauti ya Shamim, amefurahi: "Baba! Tena!"

Dawudi akaruka kuelekea mlangoni. Rungu la Okeny likampata begani.

"Mubbi!" dirisha moja likapiga kelele. Mwizi. Madirisha mengine yakaitikia. "Mubbi! Mubbi!"

Kampala neno hilo halisubiri maelezo. Jiwe la kwanza likampita sikioni. La pili halikumpita. Dawudi akakimbia, damu shingoni, na nyuma yake ni majirani aliokula nao futari mwezi mzima.

Aliingia kibandani, akajifungia. Hakuwasha taa. Haikuhitajika. Kompyuta aliyoizima ilikuwa inawaka, na uwanjani namba tisa alikuwa anatembea peke yake. Koti jeusi. Kitambi cha Dawudi.

Namba tisa akasimama, akageuka kumtazama.

Dawudi alilichagua lile faili, akabonyeza futa.

*Haliwezi kufutwa. Linatumika.*

Akabonyeza tena.

*Linatumika.*

Miguu ikafika nje. Mlango ukaanza kupigwa mateke. "Toka! Toka, mwizi wewe!" Kulikuwa na harufu ya petroli.

Akaivuta diski ya nakala kutoka chini ya meza. Namba tisa wa zamani alikuwemo, mwenye nywele, wa kabla Shamim hajazaliwa. Kumrudisha mahali pake haikuwezekana, pana mtu. Basi Dawudi akafanya alichowafanyia wengine wote. Akafungua folda mpya, akajiweka humo. Pembeni.

Mstari wa kijani ukatambaa... Bawaba ikalegea... Mstari ukafika katikati...

Mlango ukaanguka.

Okeny aliingia wa kwanza, rungu limeinuliwa juu. Dawudi akafumba macho, akatamka shahada.

Mstari wa kijani ukafika mwisho. Rungu halikushuka.

"Mzee Dawudi?" Okeny alikuwa anahema. "Nani amekupiga hivi? Mwizi ameingia huku, hukumwona?"

Dawudi akakaa sakafuni. Alilia tu, kwa sauti, kama mtoto. Watu wakashusha mawe. Mmoja akaficha kidumu cha petroli nyuma ya mguu wake.

Walimsindikiza hadi nyumbani wakimpa pole. Kaltumi alifungua mlango, Shamim akiwa begani, na alipoona damu akapiga kelele.

"Dawudi! Mume wangu! Nani kakufanya hivi?"

Alimjua. Macho yake yalikuwa yamejaa tena. Dawudi aliegemea kizingiti, akanyoosha mikono amchukue mwanawe.

Shamim akajivuta nyuma. Akamtazama kama anavyotazamwa mtu wa barabarani, mdomo ukampinda, akaanza kulia. Akageukia chumbani, kwenye pazia, mikono mbele.

"Baba! Baba!"

"Baba si huyu hapa, mama?" Kaltumi alisema, huku anambembeleza. Hakuondoa macho kwenye jeraha la mumewe. Aligusa shingo yake, taratibu, kwa upendo.

Na kwa mkono wa pili, bila kugeuka, kama jambo alilolizoea, akampitisha mtoto nyuma yake, kwenye pazia.

Mtoto akanyamaza.

Kuna aliyempokea.