Waya wa Pedali

Rafiki yangu ni dereva wa teksi, wala si mtu wa porojo. Gari lake la gia za mkono, lililokula kilomita laki nne, lilikuwa likirukaruka kila akiongeza mwendo. Plagi na klachi alishabadilisha, wapi. Siku anampeleka mama yake hospitali, likamzimikia kwenye maegesho ya chini ya jengo lao, gizani, mama akihema kwa shida kiti cha nyuma.

Akafungua boneti, akachomoa waya wa pedali ya mafuta upande wa injini, akashika ncha yake. Ukamvuta. Ukaachia. Ukamvuta tena, kwa mishtuko ileile, na ndani pedali ikigonga sakafu, ko, ko.

"Mama, umehamia mbele?"

"Niko hukuhuku nyuma, mwanangu. Mwambie mwenzio aache kukanyaga."

Kabla hajafungua kinywa, waya ukatulia.