Saa ya Geneva na Jogoo wa Mguu Mmoja

Tangazo kwa umma. Kampuni ya Kimataifa ya Saa za Kifahari, yenye makao makuu mjini Geneva, nchini Uswisi, inayo heshima kubwa kuwatangazia wakazi wote wa Kanda ya Ziwa kwamba saa halisi za dhahabu, zinazovaliwa na wafalme, sasa zinapatikana kwa simu.

Makao makuu hayo yalikuwa chini ya kitanda changu, Buhongwa. Mkurugenzi Mkuu nilikuwa mimi, Obedi, mwanafunzi wa kidato cha pili, niliyerudi kutoka shule ya bweni kwa likizo ya mwezi wa sita. Kila asubuhi Mkurugenzi aliosha vyombo, akafagia uwanja, akawapa kuku maji, kisha akaketi sebuleni na simu ya mama kuendesha biashara ya kimataifa.

Saa zilikuwa mbili tu. Nilizinunua mjini kwa kijana mmoja anayetembeza bidhaa, na kijana yule alikuwa mkweli kuliko mimi. "Dogo, hizi feki," aliniambia. "Zinang'aa tu. Usizitie maji." Ya kwanza ilikuwa imeshapata mnunuzi, mtu mzito ambaye nitamtaja ikibidi tu. Ya pili niliilaza juu ya kitambaa cha kochi alichofuma mama mwenyewe, chenye jogoo mwekundu wa mguu mmoja. Uzi ulimwishia mama kabla ya mguu wa pili. Nikapiga picha, nikaandika, "Hapa ni dukani kwetu, Geneva. Zilikuwa mbili, imebaki moja," nikaiweka kwenye soko la mtandaoni kwa jina la kampuni.

Jioni akajitokeza mteja aliyejiita Simba wa Kisesa.

"Inaingia maji?" aliandika.

Hapo mtu mwenye akili angezima simu. Mimi nilijibu, "Mheshimiwa, hata ukiogelea nayo mpaka Ukerewe, haitaingia tone."

Kesho yake dereva wa bodaboda aliipeleka Kisesa, akarudi na pesa. Nilirukaruka juu ya kochi mpaka jogoo akaanguka sakafuni.

Jumamosi mama alinituma Bujora kumshangilia kaka yake, Mjomba Machibya, kwenye mashindano ya ngoma. Mjomba ni manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo wa kundi letu. Ngoma zetu za Kisukuma hazina majaji wa kukaa mezani. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watazamaji huamua kwa miguu yao. Upande unaowavutia ndio wanaoukimbilia, na manju anayebaki peke yake ameshindwa. Kwa hiyo kila manju huja na kitu cha kustaajabisha. Mwaka uliopita mpinzani wetu, manju Mayala, alileta chatu mzima, na mjomba akabaki akiwaimbia ng'ombe wawili na bibi mmoja aliyesinzia. Aliapa kwamba akishindwa tena, ataacha ngoma maisha yake yote.

Nilimkuta nyuma ya uwanja. Binti yake, Selina, alikuwa akimfunga njuga miguuni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu! Umefika siku yenyewe. Leo Mayala atamfanya yule chatu wake mkanda wa suruali!" Akakunja mkono wa shati. Kitu kikang'aa. "Unaona? Saa ya Geneva! Nimeuza mtamba wangu kuipata. Nitaitumbukiza kwenye beseni la maji mbele ya watu wote, na itaendelea kutembea. Mwenye duka aliniandikia mwenyewe kwamba hata nikiogelea nayo mpaka Ukerewe, haitaingia tone!"

Simba wa Kisesa alikuwa mjomba wangu mwenyewe.

Maneno manne yangetosha: Mjomba, saa ni feki. Lakini shuleni kwetu tumefundishwa kutatua matatizo kisayansi. Kwa hiyo nilikwenda nikamwaga maji, nikageuza beseni, nikalikalia.

"Obedi, inuka hapo," Selina alisema.

"Nimechoka."

"Umechoka kwa kazi gani? Ya kushuka kwenye gari? Hebu toka!"

Akaliteka beseni, akajaza maji mengine. Nikajikwaa kwa makusudi, yakamwagika. Akajaza tena, safari hii akanikazia macho kama askari wa mgambo. Nikamkimbilia mjomba, nikamwambia kwamba maji ya Bujora yana chumvi. Akayaonja.

"Matamu," alisema. "Mpwa, una malaria?"

Ngoma zikalia. Vumbi likapanda, njuga zikaitikia, na vigelegele vikapasuka pande zote mbili. Upande wa Mayala chatu alikuwa shingoni kwa kijana mmoja, akilamba upepo. Upande wetu mjomba alirusha mkono juu, jua likaipiga saa, naye akaimba kwenye kipaza sauti:

"Mayala, mfunge nyoka wako,
mimi nimelifunga jua mkononi!"

Watu wakaanza kumiminika kwetu. Watoto kwanza, kisha akina mama, kisha wazee na fimbo zao. Mimi mwenyewe nilisahau dhambi zangu nikapiga mluzi. Tulikuwa tunashinda! Mjomba akatangaza kwamba saa ile huogelea mpaka Ukerewe, akainama, akatumbukiza mkono wote kwenye beseni. Watu wakanyoosha shingo. Akauinua.

Kioo cha saa kilikuwa na ukungu kama ziwa alfajiri. Mshale wa dakika ulikuwa umeng'oka na unaelea. Dhahabu ilibaki ndani ya beseni, na mkononi mwa mjomba ikabaki bangili ya rangi ya kijani.

"Manju!" mtu alipaza sauti. "Huko Ukerewe ni saa ngapi?"

Kicheko kikalipuka. Mayala hakupoteza hata pigo moja la ngoma. "Chatu wangu anaogelea," aliimba, "saa ya Machibya imezama!" Umati ukageuka, ukamkimbilia yeye. Mjomba akasimama katikati ya uwanja mtupu, maji yakimdondoka kiwikoni. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa mpweke namna ile.

Selina alikuwa ameshafungua simu kumtafuta mwenye duka. Akaikuza ile picha. Akaikuza zaidi.

"Baba," alisema polepole, "hivi Geneva nako kuna jogoo wa mguu mmoja? Kama wa kwenye kochi la shangazi?"

Mjomba akaitazama picha. Krismasi nzima alikuwa ameegemea kitambaa kile. Kisha akanitazama mimi, na mimi nikatazama viatu vyangu, ambavyo havikuwa na msaada wowote.

Hakunipiga. Alinipa kipaza sauti.

"Mwenye duka," alisema, "wateja wako wanasubiri."

Sauti yangu ilitoka kama ya kifaranga. "Mimi ni Obedi wa Buhongwa. Saa ile nimeiuza mimi. Nilijua ni feki. Duka la Geneva liko chini ya kitanda changu, na jogoo ni wa mama." Watoto wawili wakageuka. "Tangu nifike hapa nimemwaga maji, nimekalia beseni, nimesingizia chumvi, ili nisiseme tu kwamba mimi ni mwongo." Sasa watu walikuwa wakicheka, tena wakija. Mjomba akaunasa wimbo hewani kama mtu anayedaka mpira.

"Geneva iko Buhongwa," aliimba, "nendeni mkachungulie kitandani!"

Ngoma zikampokea. Watu wakaja mbio, wakasukumana, wakaitikia. Hata kijana wa Mayala alikuja kusikiliza, chatu akiwa bado shingoni. Tulishinda!

Baadaye, jasho lilipomkauka, mjomba aliniketisha mbele yake.

"Usidhani ushindi umefuta kosa," alisema. "Kesho unaanza kuchuma pamba shambani kwangu, na pesa uliyochukua utairudisha. Lakini sikiliza. Gulioni muuzaji humtazama mnunuzi machoni, na aibu humzuia. Wewe kwenye simu hukuniona, ukadhani hakuna mtu. Kila mnunuzi usiyemwona, Obedi, ni mjomba wa mtu. Na uongo ungeweza kuukomesha pale ulipofika tu, kwa maneno manne. Ulisubiri mpaka umenivua nguo mbele ya watu."

"Nisamehe, mjomba."

"Nitakusamehe ukimaliza. Kwenye tangazo lako umeandika saa zilikuwa mbili. Nyingine umemwuzia nani?"

Basi, imebidi. "Mwalimu wetu wa nidhamu," nilisema.

Mjomba alicheka mpaka njuga zikalia. Kisha akaacha kucheka, akanipa simu yake. "Mpigie. Sasa hivi."

Nikapiga. "Shikamoo, mwalimu. Ni Obedi wa kidato cha pili. Ile saa yako ya Geneva, naomba usiitie maji."

Upande wa pili nilisikia maji yakimwagika kwenye ndoo, kisha bomba likafungwa.

"Obedi," mwalimu alisema, "endelea."

Nikaendelea.