Tundu Dogo Kuliko Kifungo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilikuwa nikimvisha baba soksi. Alikaa ukingoni mwa kitanda na kunyoosha mguu wa kushoto, nami nikapiga magoti na kuivuta soksi polepole. Nikiharakisha, alikunja uso. Baba ni fundi makochi. Kwa miaka mingi alikuwa akinyanyua makochi mazima bila kulalamika, na sasa hakuweza kuinama kuokota kijiko.

Maumivu yalianzia kiunoni, yakashuka pajani hadi kwenye kidole gumba cha mguu. Alikuwa amemaliza miezi mitatu ya vidonge na mazoezi, na sindano ya mgongoni iliyompa nafuu ya wiki mbili tu. Ndipo daktari wa upasuaji, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya upole, alipotuketisha baba, mama na mimi, akatuonyesha picha ya uti wa mgongo.

"Kati ya pingili na pingili kuna mto laini," alisema. "Huu mmoja umechanika, na kipande chake kinabana mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Tungeweza kuendelea na mazoezi, lakini mguu umeanza kupoteza nguvu, kwa hiyo sishauri tungoje. Tunaweza kufungua mgongo kwa mkato mrefu, ukalazwa siku kadhaa. Au tunapitisha mrija mwembamba kwenye tundu dogo, tunatazama kwa kamera, tunakitoa kile kipande, na jioni unarudi kulala kwako."

"Kama ni hivyo, hata leo," baba alisema.

"Usifurahie mapema. Tundu ni dogo, lakini kazi ya ndani si ndogo. Kwa wiki sita usiiname, usijipinde, wala usinyanyue kitu kizito kuliko birika la maji. Sehemu ya mto iliyobaki ikichanika tena, mguu unaweza usirudi ulivyokuwa."

Nesi alitupatia karatasi ya maandalizi. Baba ataje kila dawa anayomeza, hata za kununua dukani. Asile kitu kuanzia usiku wa manane. Awe na mtu mzima wa kumrudisha nyumbani. Jambo la mwisho nililichukua mimi: vitu vyote anavyotumia viwekwe usawa wa kiuno. Nilishinda Jumamosi nzima nikipandisha viatu juu ya kiti, ndoo juu ya stuli, na mashati kutoka droo ya chini hadi ya juu. Mama aliporudi kutoka kwenye kazi yake ya udobi, aliuliza kama tunangoja mafuriko.

Upasuaji ulikwenda salama. Baba aliingia asubuhi, na alasiri alitoka akitembea mwenyewe huku mama akimshika mkono. "Mguu umenyamaza," alituambia, na machozi yalimlengalenga.

Walioniudhi ni watu. Kila mgeni aliyekuja kumjulia hali alitaka kuona kidonda, na akishakiona alisikitika, kana kwamba tumemdanganya. Waliouliza alilazwa siku ngapi walitazamana waliposikia hakulala hata siku moja. Lakini aliyewashinda wote ni baba mkubwa, kaka yake baba, ambaye hufanya naye kazi karakana.

"Hili ndilo tundu lenyewe?" aliuliza siku mama alipokuwa akibadilisha plasta. "Ni dogo kuliko kifungo cha kochi. Ndugu yangu, hii si operesheni. Umechanjwa."

Baba alicheka, lakini nilimwona anavyovuta shati haraka kufunika mgongo, kama mtu aliyekutwa na kosa. Roho iliniuma. Mtu ameshindwa kuvaa soksi miezi mitatu, halafu anaona haya kwa sababu jeraha lake si kubwa vya kutosha kuwaridhisha wageni.

Siku ya tisa mama alikuwa kazini, na mimi nilikuwa likizo. Baba mkubwa aliingia akiwa na jasho usoni.

"Mteja yuko pale na gari," alimwambia baba. "Kochi la watu watatu. Njoo ushike upande mmoja tu, tulipandishe, urudi kulala."

"Shikamoo, baba mkubwa," nilisema. "Daktari amemkataza kunyanyua. Karatasi ya masharti ile pale ukutani."

"Marahaba. Wakili amefika," alisema baba mkubwa, ambaye huniita hivyo ninapomjibu. "Tangu lini mtoto anaingilia mazungumzo ya wakubwa?"

"Lakini birika tu ndilo..."

"Hebu nyamaza," baba akanikatiza. Hakuwa mkali. Alikuwa na aibu, na aibu ile ndiyo iliyomvalisha viatu. Tumefundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hakuna aliyetuambia mkuu mwenyewe asipomsikia daktari anavunjika nini. Nilibaki mlangoni na hasira zangu, huku wanaume wawili wazima wakienda kufanya jambo ambalo hata mtoto wa chekechea angekatazwa mara moja akaelewa.

Alirudi baada ya nusu saa, ameshika ukuta. Maumivu yalikuwa yamerudi hadi kwenye goti.

"Usimwambie mama yako," alisema. "Atahangaika bure. Yatapita."

Hayakupita. Kesho yake ilikuwa siku ya kurudi hospitali kuangaliwa. Baba mkubwa alitupeleka kwa pikapu ya karakana, akabaki kwenye benchi la nje. Baba, mama na mimi tuliingia chumbani kwa nesi, naye akachukua fomu na kalamu.

"Umeinama? Umenyanyua kitu kizito?"

"Sijanyanyua hata kijiko," baba akajibu.

Mama akatabasamu kwa fahari. Hapo damu ilinichemka. Huyu ndiye baba aliyeninyima kucheza wiki nzima kwa sababu nilisema paka ndiye aliyevunja glasi. Sasa anadanganya mchana kweupe, tena anamdanganya mtu anayejaribu kumponya, na mimi ndiye ninayetakiwa kulinda uongo wake. Niliogopa pia. Niliuona akilini mguu ule ukikosa nguvu tena, na safari hii usirudi.

"Alinyanyua kochi," nilisema. "La watu watatu. Jana. Na maumivu yamerudi."

Nesi akaacha kuandika. Mama alimgeukia baba polepole, na nisingependa kutazamwa vile. Baba aliinamisha uso. Sikuambiwa ninyamaze.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," nesi alisema, akaenda kumwita daktari.

Daktari alimlaza baba, akamnyanyua mguu, akamwambia asukume mkono wake kwa unyayo, akamkwaruza vidole aone kama anahisi. Kisha akampeleka kupigwa picha. Tulingoja saa mbili.

"Mna bahati," daktari alisema aliporudi na picha. "Hakuna kipande kipya kilichotoka. Nyama zimevimba tu, na zitatulia. Lakini ningemwamini kuhusu kijiko, ningemruhusu aanze mazoezi magumu zaidi leo, na huenda hayo ndiyo yangemmaliza." Halafu akauliza, "Nani aliyemwita kunyanyua kochi?"

Baba mkubwa aliitwa. Aliingia akitabasamu. "Daktari, kwa heshima zote, lile tundu lake ni dogo mno."

"Wewe ni fundi makochi," daktari alisema. "Springi ikikatika, unafumua kochi zima?"

"Fundi gani huyo?" Baba mkubwa alitoa kifua mbele. "Mimi napitia chini, nachana kidogo tu, naingiza mkono. Hiyo ndiyo kazi ngumu, maana nafasi ni finyu. Halafu gundi lazima ikauke. Wateja wengine hawana subira, wanataka kulikalia siku hiyohiyo, eti mbona kwa nje halijachanika..."

Akakoma.

"Endelea," daktari alisema.

"Nimeelewa, daktari."

Wiki sita zilihesabiwa upya kuanzia siku hiyo, na safari hii baba alizimaliza zote. Leo yuko karakana anashona kama zamani, na makochi yananyanyuliwa na vijana wawili walioajiriwa kwa kazi hiyo. Lakini ninachokumbuka zaidi ni yaliyotokea kabla hatujatoka kwenye chumba kile. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa kwa kumwaibisha baba mbele ya watu.

"Mwanangu," baba aliniambia, "nimekuwa nikikuhimiza kusema kweli, kana kwamba kweli ni kazi ya watoto na sisi wakubwa tumeshaimaliza. Mgonjwa akimdanganya daktari, daktari hatibu ugonjwa, anatibu uongo. Wewe ndiye uliyenitibu leo." Kisha akamgeukia nesi. "Tafadhali, chukua fomu nyingine. Niulize tena."

Nesi akachukua fomu mpya. "Umenyanyua kitu kizito?"

"Ndiyo," baba akajibu. "Kochi."

Nesi alikuwa anaandika. Baba mkubwa, ambaye sijapata kumsikia akikiri kosa tangu nizaliwe, alivua kofia yake.

"Andika na mimi," alisema. "Mtoto alinikataza, nikamnyamazisha."