Nilimwambia Fundi Akwangue Kabati la Mama Mkwe

Nina miaka sitini na mbili, mama wa watoto saba, na bado situlii... Nikikaa, nasimama. Nikisimama, natafuta pa kwenda. Wasomaji wenzangu, leo niacheni niseme.

Ilikuwa miaka ile ya Zaire, nami nilikuwa mke wa mwalimu hapa Baraka. Mume wangu alikuwa amefanywa mkurugenzi wa shule, na mkaguzi kutoka Uvira angekuja kula kwetu! Nilizunguka nyumba nzima, nikaona aibu tupu. Aibu kubwa kuliko zote ilikuwa kabati la mama mkwe wangu, jeusi kwa moshi. Jirani yangu alikuwa na kabati lililopakwa verni, ile rangi ya kung'arisha mbao. Kwa nini yeye, na si mimi?

Lakini ndani ya mlango wa kabati lile kulikuwa na mikato minne ya kisu. Mama mkwe alinieleza mwenyewe. Wakati wa vita ya waasi, yeye na familia yake walikimbilia milimani, na watoto wake wanne wakafia huko. Makaburi yao hayajulikani. Waliporudi walikuta kila kitu kimeibwa isipokuwa kabati, kwa uzito wake. Mama hakujua kuandika, akakata alama moja kwa kila mtoto. Kila Jumapili, kabla ya kanisa, alifungua mlango na kuzigusa.

Nilijua! Nilijua yote!

Aliposafiri Kilembwe kumwona dada yake mgonjwa, nikamwita fundi Mateso. Alikwangua kidogo upande wa nyuma, akanusa, akagonga kwa kidole.

"Mama Furaha, hii ni mvule ya zamani. Angalia, hakuna hata musumari moja. Tusiikwangue. Tuioshe na sabuni, tupake nta, basi."

"Mi nataka verni," nikamjibu.

Akafungua mlango. "Na hizi alama? Iko mutu aliziweka. Niache?"

Nikajibu haraka: "Ni batoto balichezea kisu. Toa yote."

Akauliza mara ya pili. Nikamkemea. Akachukua randa.

Na mkaguzi? Alikula samaki wake, akapangusa mdomo, akaenda. Kabati hakulitazama hata mara moja!

Jumapili mama mkwe alikuwa amerudi. Alifungua mlango, akapitisha mkono juu, akapitisha chini, akarudia tena... Kisha akauliza polepole:

"Batoto bangu bako wapi?"

Mume wangu alinigeukia. Wasomaji, hapo ndipo ningeweza kujiokoa. Nikasema: "Ni fundi. Mi sikumwambia aguse ndani."

Fundi aliitwa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. "Mama Furaha, sema mbele ya Mungu. Nilikuuliza ao sikukuuliza?"

Nikatazama chini. "Hukuniuliza."

Habari ilienea kanisani na sokoni: fundi amefuta watoto wa mama mzee! Hakuna aliyempa kazi tena. Akachukua mke na watoto, akaenda Lulimba kuchimba dhahabu. Huko shimo likabomoka, likamvunja mkono wa kuume.

Niliposikia, usingizi ulinihama. Kila siku nilisema, kesho nitaungama... Kesho ipi? Mama mkwe akaugua, akafariki akimlaumu fundi Mateso mpaka pumzi ya mwisho.

Kwenye matanga nilishindwa kuvumilia. Nilisimama mbele ya watu wote, nikasema ukweli wote. Mume wangu hakunipiga, hakunitukana. Alitoka nje, akaniacha mbele yao.

Nilikwenda Lulimba mwenyewe, nikapiga magoti. Fundi alinitazama, mkono wake umepinda kama tawi.

"Mi nimekusamehe, mama. Lakini ule mama mzee alikufa ananichukia. Hiyo utaitengeneza na nini?"

Nikarudi Baraka na swali lile. Hata leo ninalo.

Dada zangu, mkirithi kitu cha kale, msikimbilie kukikwangua ili jirani awasifu. Ulizeni kwanza ni cha nani, na kimebeba nini. Na mkikosea, jamani, semeni siku ile ile, wakati aliyeumizwa bado ana masikio ya kusikia! Mimi nilingoja. Msingoje kama mimi.