Mizani ya Wachuka

Mwenye hilo jengo aache kutuambia ati ni lifti tu! Lifti ikianza kupanda, kila kitu huwa kizito kidogo. Hiyo hata mimi najua.

Rafiki yangu Wachuka, anayeuza viazi Giakanja, alikuwa akirudisha mizani mbovu dukani, orofa ya tano ya jengo hilo mjini Nyeri, amepandwa na hasira. Akiwa peke yake ndani ya lifti, aliiweka sakafuni akaijaribu tena kwa mfuko wa viazi wa kilo kumi. Lifti ikaondoka: kumi na mbili. Ikatulia: kumi.

"Wee mizani, unanidanganya hata hapa!" akafoka.

Stima ikapotea, lifti ikasimama kabisa. Gizani, springi ya mizani ikalia polepole, kriii, kama imekanyagwa. Akawasha simu: sitini na nane.

Kwa hasira akaunyakua mfuko. Mizani ikabaki tupu, na mshale ukashuka hadi hamsini na nane.